Fedha Iliyolala Sandukuni: Je, Ni Akiba au Ni Choyo?



Liko swali ambalo siku hizi limekuwa likirudi mara kwa mara baada ya ibada, hasa kwa wale wanaokaribia kustaafu, na kwa wale ambao watoto wao wako ng'ambo. Swali lenyewe ni hili: Je, ni vema Mkristo anunue sarafu za fedha halisi na kuziweka ndani? Wengi huuliza kwa sababu ya bei. Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 bei ya fedha ilivuka dola 50 za Marekani kwa wakia moja, ikaipita bei kubwa iliyofikiwa Januari 1980. Mtu aliyepokea kiinua mgongo chake akisikia habari kama hiyo, hapana budi masikio yake yasimame.

Swali hili lina pande mbili. Upande wa faida na hasara tutaugusa kidogo, maana hesabu ni hesabu. Lakini upande tunaotaka kuushika hasa ni ule wa pili: ni wakati gani akiba ni busara, na ni wakati gani inageuka kuwa choyo? Swali hilo halimhusu mwenye sarafu peke yake. Lamhusu kila mwenye kibubu.

SARAFU ZENYEWE

Sarafu tunazozisema si zile za kununulia chumvi dukani. Ni sarafu zinazotolewa na serikali mbalimbali kwa ajili ya watu wapendao kuweka fedha kwa uzito. Meksiko ilianza kutoa yake, iitwayo Libertad, mwaka 1982. Marekani ikafuata mwaka 1986 na sarafu yenye tai, Kanada mwaka 1988 na sarafu yenye jani la mti, Uingereza mwaka 1997 na Britannia ya fedha, na Austria mwaka 2008 na sarafu yenye ala za muziki. Zilizo nyingi zina uzito wa wakia moja ya masonara, yaani gramu 31.1. Nchi yetu nayo mwaka 1974 ilitoa sarafu za fedha, ya shilingi 25 yenye twiga na ya shilingi 50 yenye kifaru, kwa ajili ya uhifadhi wa wanyama wa porini.

Tazama jambo la ajabu. Sarafu ya Marekani imeandikwa dola 1, na ile ya Uingereza paundi 2. Lakini hakuna mwenye akili timamu atakayekwenda nayo sokoni kwa thamani hiyo, kwa kuwa fedha iliyomo ndani yake yapita kiasi hicho mara nyingi. Basi ni sarafu ambayo haikutengenezwa ili ipite mkononi mwa watu. Imetengenezwa ilale. Hapo ndipo swali letu linapoanzia, maana kazi ya sarafu tangu zamani ni kutembea.

RIALE YA WAZEE WETU

Lugha yetu yenyewe inakumbuka mambo ambayo sisi tumeyasahau. Neno "pesa" asili yake ni Kihindi, nalo lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba. Neno "shilingi" limetoka kwa Waingereza. Lakini neno "fedha" tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile madini nyeupe yenyewe. Twasema Wizara ya Fedha, twasema fedha za sadaka, na kumbe zilizomo kapuni ni karatasi. Sababu ni kwamba wazee wa pwani walipotaja fedha walikuwa wakiishika.

Waliyoishika zaidi ilikuwa riale ya Maria Theresa. Huyu alikuwa mtawala wa Austria, aliyefariki mwaka 1780. Sarafu yake ilipendwa mno katika Uarabuni, Uhabeshi, Zanzibar na pwani yetu, hata baada ya kifo chake waliendelea kuipiga vilevile, yenye mwaka ule ule 1780, katika karne ya 19 na ya 20. Ilipigwa Vienna, na baadaye hata London na Bombay. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika sehemu 1,000 za madini yake 833 ni fedha tupu. Uzito wa riale moja ndio uliokuwa wakia ya pwani, na wakia 16 zikafanya ratli moja. Kwa hiyo riale haikuwa pesa tu. Ilikuwa pia jiwe la mizani.

Watu waliichunguza kabla ya kuipokea. Walitazama lulu za bruchi iliyo begani pa yule mama. Waliangalia pia ukingo, maana ukingo umeandikwa maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni Haki na Huruma. Maandishi hayo yalikuwa na kazi. Zamani wadanganyifu walizoea kukwangua ukingo wa sarafu kidogo kidogo, wakajipatia fedha bure na sarafu ikaendelea kutumika. Ukingo ukiwa na maandishi, anayekwangua hawezi kuficha: hawezi kuiba fedha bila kuifuta haki kwanza.

Hata hivyo tusiipambe sarafu hii kupita kiasi. Riale hizo hizo, zenye haki na huruma ukingoni, zilihesabiwa katika soko la watumwa kule Mkunazini, Unguja. Fedha haikukataa kuwanunua watu. Soko lilifungwa kwa mapatano ya Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa hapo jiwe la msingi la Kanisa Kuu, ambalo sisi Waanglikana twalijua vema. Tunalikumbusha hili kwa sababu wako wanaosema kwamba fedha halisi ni "pesa ya kweli" au "pesa safi". Madini yaweza kuwa safi kwa sehemu 999 katika 1,000, na bado njia iliyopita ikawa chafu. Usafi wa fedha hupimwa na sonara. Usafi wa njia yake hupimwa na dhamiri.

KWA NINI WATU HUIKIMBILIA FEDHA

Si haki kumhukumu mwenye kuweka fedha kabla ya kumsikiliza. Ana sababu zake, na baadhi ni nzito.

Sababu ya kwanza ni kwamba pesa za serikali zimewahi kuwaponyoka watu mikononi. Tuchukue mfano wa Kenya na Uganda. Kabla ya mwaka 1920 watu walitumia rupia, ambayo ndani yake ilikuwa na fedha tupu zaidi ya gramu 10. Rupia ikaondolewa, ikawekwa florini, na mwaka 1921 ikaja shilingi, kwa hesabu ya shilingi mbili kwa rupia moja. Shilingi ile ilikuwa na robo tu ya fedha, na uzito wake haukufika gramu 8. Fanyeni hesabu: katika shilingi mbili fedha tupu haikufika gramu 4. Mzee aliyepeleka rupia yake alirudishiwa hesabu kamili kwa maneno, lakini kwa mizani alirudishiwa chini ya nusu. Na shilingi zilizopigwa tangu 1948 hazikuwa na fedha hata kidogo. Tena mwezi wa Mei 1987 Uganda ilibadili noti zake, mia moja za zamani kwa moja mpya, na juu ya hayo ikatoza asilimia 30. Mtu aliyeyaona hayo akisema, "Mimi sasa naweka chuma changu," hatumcheki.

Sababu ya pili ni ya akina mama. Mabibi zetu wa pwani walipeleka riale kwa masonara, zikayeyushwa, zikawa furungu, mitali, kekee na vipuli. Wengine waliona ni mapambo tu. Mwanamke mwenyewe alijua kuwa ni ngome yake. Nyumba yaweza kuchukuliwa na ndugu wa mume, shamba likagawanywa na wazee, ng'ombe wakahesabiwa na wengine. Lakini kilicho mguuni pake ni chake. Katika siku ya ujane au njaa, kekee moja ilinunua mtama wa watoto. Akiba ya namna hiyo haikuwa choyo hata kidogo. Ilikuwa silaha ya mnyonge.

Sababu ya tatu ni chungu zaidi. Watu huikimbilia fedha kwa sababu wameshindwa kuaminiana. Tumeona vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanza kwa sala vikamalizika kwa kesi, maana mweka hazina alizila. Aliyepoteza akiba yake kwa mtu anayeketi naye benchi moja kanisani, tutamwambiaje aache kuamini chuma na aamini watu? Kwanza sisi tulio watu tuaminike.

FEDHA NAYO HUSHUKA

Pamoja na hayo, yafaa tuondoe uongo mmoja, kwamba fedha haishuki. Yashuka, na imewashusha wengi. Mwaka 1871 Ujerumani ilianza kuacha fedha na kushika dhahabu, na mataifa mengine yakafuata. Thamani ya fedha ikaporomoka miaka mingi mfululizo, hata mwaka 1893 serikali ya India ikaacha kumpigia rupia kila aliyeleta fedha yake. Riale zilizolala makashani mwa pwani hazikupungua hata gramu moja, lakini vitu zilivyoweza kununua katika biashara ya ng'ambo vilipungua.

Na mwaka 1980 je? Ndugu wawili wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, wana wa tajiri wa mafuta, walihofu kwamba pesa za karatasi zitapoteza thamani. Wakaanza kununua fedha. Huo ulikuwa mwanzo wa akiba tu, hofu ya kawaida kama ya mtu yeyote. Lakini wakaendelea kununua, wao na wenzi wao, hata wakawa na wakia zaidi ya milioni mia moja. Bei iliyokuwa dola 6 hivi mwanzoni mwa 1979 ikakaribia dola 50 mwezi wa Januari 1980. Kwa wakati ule fedha ilitumika sana katika filamu za picha na za eksirei, nazo bei zake zikapanda. Watu waliyeyusha vijiko na vyombo vya babu zao. Kisha tarehe 27 Machi 1980 bei ikaanguka kwa siku moja hata chini ya dola 11. Mwaka 1988 baraza la mahakama liliamua kwamba ndugu hao walikula njama kuhusu bei ya fedha, na mwaka huo huo wakajitangaza muflisi.

Aliyenunua katika kilele kile cha Januari 1980 alingoja hadi Aprili 2011 kuiona tena bei inayokaribia dola 50. Ni miaka 31: mtoto aliyezaliwa alipoinunua alikwisha kuwa mzazi. Kisha mwishoni mwa 2015 ikawa chini ya dola 14. Na dola 50 za mwaka 2025 hazinunui vitu vilivyonunuliwa na dola 50 za mwaka 1980. Ongezeni kwamba anayenunua hulipa zaidi ya thamani ya madini, na anayeuza hupokea pungufu. Basi anayewaambia wastaafu kwamba fedha ni njia ya hakika ya kutajirika ama hajui habari hizi, ama azijua na anazificha.

Tena wadanganyifu ni wengi. Sisi tuliokaa miaka mingi katika chuo cha ualimu tulizoea kuwaambia wanafunzi kwamba somo la sayansi litawafaa hata sokoni, na hapa lafaa. Fedha haivutwi na sumaku. Fedha tupu ya gramu 31.1 ikitumbukizwa majini hupandisha maji karibu sentimita 3 za ujazo. Ikipandisha zaidi kwa uzito ule ule, ndani mna kitu kingine. Asiyeweza kupima asinunue.

MAHINDI NA FEDHA

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Kuna tofauti gani kati ya ghala la mahindi na sanduku la fedha? Vyote ni akiba. Yusufu aliweka nafaka Misri miaka saba, na Maandiko hayamlaumu, yanamsifu. Lakini nafaka ina mwalimu wake, naye ni mdudu. Mahindi yakikaa mno hubunguliwa. Mwenye ghala, hata akiwa bahili, msimu ukija hana budi afungue: ale, auze, akopeshe mbegu, au ampe jirani kabla hayajawa unga wa panya. Uozo wa mahindi humlazimisha mtu kuwa na jirani.

Fedha haina mdudu. Yaweza kufifia na kuwa nyeusi, lakini ukiisugua yarudi ilivyokuwa. Haina msimu. Hakuna siku ambayo sanduku la fedha litamwambia mwenyewe, "Leo nifungue." Hilo ndilo linalotufanya tuiite akiba bora, na hilo hilo ndilo hatari yake. Maana kitu kisichooza kinamwachia mwenyewe kazi yote ya kuamua ni lini imetosha, na moyo wa mtu ni hakimu mzito wa kutamka neno "imetosha". Ndugu wale wa Texas hawakukosa fedha. Walikosa siku ya kusimama.

Kwa hiyo twaona kwamba si kitu chenyewe kinachotenganisha akiba na choyo, wala si wingi wake peke yake. Akiba ina jina la haja na ina siku ya kufunguliwa. Choyo haina jina wala haina siku. Yule mwanamke wa Injili ya Luka, sura ya 15, alikuwa na sarafu kumi za fedha. Moja ilipopotea alijua mara moja, akawasha taa, akafagia. Alipoipata hakuirudisha kimyakimya: aliwaita rafiki na majirani wafurahi naye. Fedha yake ilijulikana na majirani. Bali yule mtumwa wa Mathayo sura ya 25 alifukia talanta ya bwana wake ardhini, na sababu aliyoitoa ilikuwa hofu. Hakuiba, wala hakupunguza kitu, aliirudisha nzima. Na bado alihukumiwa, kwa kuwa mali iliyowekwa mikononi mwake haikumfaa mtu.

MASWALI MATATU

Basi anayetaka kuweka fedha ajiulize mambo matatu, na ajijibu kwa kweli.

Kwanza, imetoka wapi? Kama ni kiinua mgongo chako na jasho lako, vema. Kama ni ujira wa kibarua uliyemcheleweshea, au ada ya mtoto aliyerudishwa nyumbani, hiyo si akiba yako. Ni deni ulilolifunga kufuli.

Pili, ni ya nani na ya nini? Itaje haja: paa la nyumba, matibabu ya uzeeni, masomo ya mjukuu, maziko yasiyowaachia watoto madeni. Kisha amweleze mke wake, na mke amweleze mumewe. Tumeketi katika misiba ambako mjane hakujua kama mumewe alikuwa na kitu, achilia mbali kilipofichwa. Fedha iliyofichwa kwa mwizi ikafichwa na kwa mke, ikifa pamoja na mwenyewe, imemsaidia nani? Ikiwa mabibi zetu walivaa akiba yao miguuni mchana kweupe, kwa nini sisi tuzike ya kwetu kama wenye hatia?

Tatu, itafunguliwa lini? Wekeni siku au wekeni kiasi, mkiandike daftarini. Ikifika, simameni. Kisichokuwa na mwisho hakiitwi akiba.

Kwa maoni yetu, mstaafu aliyekwisha kulipa madeni yake, paa lake halivuji, na ana cha kutumia kwa miezi ya shida, hatendi dhambi akiweka sarafu chache za fedha kama sehemu ndogo ya akiba yake. Lakini kumwambia auze shamba au atie kiinua mgongo chote katika fedha ni kumshauri vibaya, kwa hesabu na kwa imani. Shamba hulisha, na mkopo mwema humwinua jirani, lakini fedha hulala tu. Tena ni wajibu wa kanisa kuvifanya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa viwe na hesabu zinazosomwa hadharani kila mwezi, na mweka hazina anayekaguliwa bila kuonewa haya. Tusipofanya hivyo, tusiwalaumu wanaoamini chuma kuliko ndugu.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu aangalie alichoweka, kiwe fedha, karatasi, au magunia mawili ya mahindi, akiandikie jina la haja na siku ya kufunguliwa. Asiyeweza kuandika hata kimoja kati ya hivyo viwili, na aanze kukifungua sasa.

Mungu atujalie hekima ya kuweka, na ujasiri wa kutoa.